Mtoto Aliyeachiwa Benchi

Nyinyi mnaotoka chuoni mwaka huu na yunifomu ambazo bado zina mikunjo ya dukani, najua swali mtakaloulizwa siku ya kwanza mkiwekwa chumba cha uzazi wa mpango. Mtaulizwa kama vidonge vinanenepesha. Mimi nimeulizwa hilo miaka yangu yote ya uuguzi, Embu mjini, mji wa Maua, na mwisho kule Timau nilikostaafia. Hata leo nikiwa sokoni nachagua viazi, mwanamke ananishika mkono na kuniuliza hilo hilo. Jibu langu ni kwamba wengine huongezeka kidogo, wengi hapana, na wote hula chapati.

Wanacheka, na wakicheka wanauliza yale wanayoogopa kuuliza. Je, vidonge vinajaa tumboni kama changarawe? Havijai. Vinamaliza uzazi? Havimalizi, ukiacha unashika mimba, wengine mwezi huo huo. Vinaweza kuua? Hapo acheni kucheka. Matron aliyenifundisha Embu alikuwa na kalamu ya chuma, na ukimpa mwanamke vidonge kabla ya kumpima presha, kalamu ile ilikushukia kwenye vidole. Mwenye presha ya juu, anayeumwa kichwa huku akiona vimulimuli, aliyewahi kuvimba mguu kwa sababu damu imeganda, hao msiwape vile vya kawaida vya homoni mbili. Anayenyonyesha mtoto mchanga ana kidonge chake, cha homoni moja, na hicho kinataka saa. Vidole vyangu viliyajua hayo kabla ya kichwa.

Kuhusu bei, serikalini ni bure. Lakini bure ina nauli, ina siku ya kazi iliyokatwa, ina foleni ambayo shangazi ya mumeo anaweza kukuona umekaa. Nikiwa Maua walikuja dada wawili ambao, ili kuokoa nauli, mmoja alikuwa anachukua pakiti moja na kugawana na mwenzake, huyu anakula upande wa kushoto, yule upande wa kulia. Walirudi pamoja, matumbo yakiwatangulia, na walikuwa wamenikasirikia mimi. Niliwacheka mpaka machozi. Nilikuwa mtu wa kucheka na wagonjwa, nikidhani ni kipaji, na mlango wa chumba changu nilikuwa nauacha wazi ili waliokaa benchi nao wafaidi.

Ndiyo maana nataka kuwaambia ya Kagendo. Sijawahi kuyasimulia kwenye semina yoyote. Majina yote nimebadilisha, na zaidi ya hapo msiniulize.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, katika zahanati ndogo upande wa juu wa Timau, mahali ambapo ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa mpaka saa nne na nguo haikauki siku tatu. Wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa mashamba ya maua. Kagendo alikuwa mmoja wao, msichana wa Imenti aliyeolewa na Njeru, kijana wa Mbeere kule chini Embu. Wote wawili walifanya kazi shamba moja. Alikuja mtoto wake wa kwanza akiwa na wiki sita. Wakati wa kujifungua alikuwa amevuja damu mpaka akaongezwa chupa mbili, na nilikuwa nimemwambia mwenyewe asishike mimba nyingine mpaka miaka miwili ipite.

“Sista, nataka kitu,” aliniambia. “Lakini mzee wangu asijue. Anataka kijana haraka, apatie jina la baba yake.”

Huyo mtoto wa kwanza alikuwa msichana, na kwa desturi ya huko alikuwa amepewa jina la mama yake Njeru, ambaye alikuwa marehemu. Tumwite Igandu. Mnajua kwetu jina haliwi jina tu. Mtoto akipewa jina la cucu, yaani la bibi yake, yeye ni cucu, na baba yake anamwita mama, tena kwa mapenzi, na hakuna anayeshangaa.

Kijiti cha kuwekwa chini ya ngozi ya mkono alikataa, akisema mumewe angekigusa. Sindano ya miezi mitatu ilikuwa imeisha stoo. Nikampa vidonge vya homoni moja, nikamweleza vinamezwa saa ile ile kila siku, ukichelewa kwa muda wa saa tatu umeharibu.

“Sista, asubuhi niko kwa greenhouse. Simu tunaacha kwa gate, mkoba pia. Supavaisa anaangalia hadi mfuko. Na jioni niko na mzee. Saa gani nitameza?”

Nikamjibu kwa sauti, mlango ukiwa wazi, “Sasa Kagendo, unataka kidonge kijimeze?”

Benchi likaangua kicheko. Naye alitabasamu kidogo, akachukua pakiti yake, akaondoka. Hakurudi kuchukua ya pili, na mimi sikuuliza amekwenda wapi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ya ukungu nilisikia benchi limenyamaza. Msichokijua ni kwamba benchi la kliniki halinyamazi, hata mtu akizirai linaongea. Nikatoka mlangoni. Kagendo alikuwa anaingia na mtoto mgongoni, na Njeru alikuwa nyuma yake, hatua tatu nne, kofia mkononi. Wanawake wote saba waliokuwa wamekaa walisimama. Nikadhani wanampisha yule mwanamume, nikataka kuwatania. Lakini Njeru hakukaa, na Kagendo hakukaa. Alimfungua mtoto, akamweka katikati ya benchi, peke yake, na wale wanawake wakabaki wamesimama kando. Mama mmoja mtu mzima alimfunika miguu kwa leso yake.

“Karibu, cucu,” alisema, na hakuna aliyecheka.

Yule mtoto alikuwa na miezi minane. Alikaa wima, mikono kwenye mapaja, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Nilipomwinua nikasikia harufu ya ugoro. Kwenye leso aliyobebewa palikuwa na vumbi kidogo la tumbaku, na baadaye niliambiwa majirani walikuwa wanampakia hapo kwa sababu marehemu alikuwa akiupenda.

Nikawaingiza ndani, na kwa mara ya kwanza katika zahanati ile nikafunga mlango. Nilipoanza kumvua mtoto nguo, Njeru aligeuka akaangalia ukuta. Nikaona kwa nini. Mtoto alikuwa mzima, ana uzito mzuri, ana meno mawili, na kifuani alikuwa ameota matiti. Si yale mafuta ya mtoto aliyenona. Yalikuwa matiti ya msichana anayebalehe, kwenye mwili wa mtoto ambaye hajajua kutambaa. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini hilo sikuwa nimeliona.

“Yalianza lini, Baba Igandu?” nilimuuliza yule mwanamume.

Alijibu akiwa bado ameangalia ukuta. “Niite Njeru tu, Sista. Hilo jina siwezi itwa. Mtu hawezi kuwa baba ya mama yake.”

Kisha akanieleza, polepole, kwa ile sauti mtu anayotumia kanisani. Mama yake alipougua kule Mbeere ilikuwa Februari, wakati wa maua ya wapendanao, na Februari shambani hakuna ruhusa. Alimpigia simu mara tatu. Ya kwanza aliizima. Ya pili aliizima pia, kwa kuwa alikuwa ameipitisha simu getini kwa siri na supavaisa alikuwa karibu. Ya tatu aliiona jioni, na alipopiga akajibiwa na shangazi kwamba mama hayuko tena. Mwaka huo huo Igandu akazaliwa. Njeru alifurahi, akaona amesamehewa. Halafu yale yakaanza kuota, na akaelewa kwamba hakuletewa jina tu.

“Amekuja mwenyewe, Sista. Amekuja mzima mzima. Jumamosi nampeleka kwake Mbeere, kwa mashangazi. Hiyo ndio anataka. Huku kwetu ni baridi, hakuwahi kupenda.”

“Utampeleka kwa muda gani?”

“Mtu akirudi kwake amerudi.”

Nikamtazama Kagendo. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hapo nikafanya kosa ambalo mtalifanya na nyinyi, kwa hiyo lisikieni vizuri. Nilimuuliza mbele ya mumewe, “Mama, kuna dawa yoyote unatumia?”

“Hapana, Sista,” alisema, akiangalia sakafu.

Mwanamke anayeficha dawa kwa mumewe hawezi kukujibu vingine mumewe akiwa chumbani, na kila jibu utakaloandika hapo ni karatasi umeharibu. Nilijua hivyo, ila niliogopa, na mtu mwenye hofu husahau kazi yake. Nikaandika barua ya kwenda hospitali kubwa Meru. Njeru akakataa kuichukua. Akasema huwezi kumpeleka mama yako akavuliwe nguo na madaktari vijana.

Nikabaki na kazi moja ninayoijua, kupima. Nikamwinua mtoto nimweke kwenye ule mfuko wa mizani, nikashika fulana yake ndogo, na kidole changu kikagusa kitu kigumu kwenye pindo. Palikuwa na fundo lililoshonwa kwa uzi. Nikalibonyeza. Kabla sijaliangalia vizuri, mkono wa Kagendo ulinishika kiganja. Alinitazama tu, na macho yake yakaniomba nisiseme.

Nilifikiri haraka. “Njeru,” nikasema, “ngoja nje. Mama yako anavaa.”

Alitoka karibu akimbie. Naona haya kuwaambia jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kagendo alikata uzi kwa meno. Ndani ya pindo palikuwa na kidonge kimoja kikubwa, kwenye karatasi ya fedha yenye maandishi ambayo hakuna mtu wa huko angeweza kuyasoma, si Kiingereza wala Kiswahili. Hapakuwa na jina, wala tarehe ya kuharibika.

“Ni ya nini?”

“Ya kupanga. Unameza moja tu kwa mwezi.”

Alikuwa akiinunua kwa mwanamke wa mitumba aliyekuja nje ya geti la shamba siku za mshahara, mia mbili kila moja. Pakiti niliyompa mimi, Njeru aliipata kwenye mkebe wa unga baada ya wiki mbili, akaitupa chooni. Kwa hiyo akatafuta kitu kidogo, kisicho na saa.

“Na kwa nini kwa nguo ya mtoto?”

“Hapo ndio hawezi guza. Kwanza nilikuwa naficha kwa unga, kwa viatu, kwa Biblia. Tangu Igandu aanze kuota hivyo, mzee hata hashiki nepi. Mtu hapekui nguo za mama yake.”

Kumbe kidonge kilichomgeuza mtoto kilikuwa kimelala kwenye nguo ya mtoto huyo huyo, kikilindwa na woga ambao chenyewe kilikuwa kimeuleta.

“Kagendo, mia mbili kila mwezi, na hapa ni bure. Kwa nini hukurudi?”

“Yako ni ya bure lakini ilitaka niwe na saa,” alisema. Kisha akaongeza, bila hasira yoyote, “Na yule wa mitumba hakunicheka, Sista.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamweleza nilichokuwa nafikiri, kwamba ndani ya kidonge kile huenda mna homoni kali sana, kwamba inapita kwenye maziwa, kwamba mtoto anainyonya kila siku. Alisikiliza yote. Halafu akasema kwa sauti ya chini, “Na kama si dawa? Kuna vile ananiangalia nikimnyonyesha. Cucu alikuwa ananiangalia hivyo hivyo, nilipoolewa, kama anapima kama nitaweza.”

Nilimwambia hayo ni mawazo. Lakini mtoto alikuwa amelala juu ya meza ya kupimia, kimya, akinitazama, na mimi niliyesoma homoni na mitihani nikaipita, nilikwepa macho ya mtoto wa miezi minane.

Sasa sikilizeni jambo lililonitisha kuliko macho yale. Wakimpeleka Mbeere Jumamosi, ataachishwa maziwa ya mama yake. Akiachishwa, dawa itaisha mwilini na kifua kitarudi. Mashangazi wataona kimerudi. Watasema cucu ameridhika, amefika kwake, na nani atakayethubutu kumtoa tena? Yule mtoto angepona kabisa, na kwa kupona kwake Kagendo asingempata tena. Na njia ya pekee ya kumzuia Njeru kwa ukweli ilikuwa kumwambia kuhusu kidonge. Kagendo aliniambia waziwazi nikifanya hivyo atafukuzwa siku hiyo hiyo, na mtoto atabaki kwa baba. Kwa hiyo ukweli na kimya vyote viwili vilimnyang'anya mtoto.

Niliangalia kadi ya chanjo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Ya surua hudungwa akifika miezi tisa. Zilibaki wiki tatu na siku mbili.

Nikamwita Njeru. Nikamwambia, nikiwa nimekaza uso, kwamba Igandu hawezi kusafiri kwenda kwenye joto kabla ya sindano ile, kwamba surua ni mbaya kwa mtu wa umri wowote, na kwamba mwezi mzima baada ya sindano nitahitaji kumwangalia. Chanjo ilikuwa ya kweli. Katazo la safari nilitunga pale pale.

Alifikiria. “Ni sindano? Si vidonge?”

“Sindano.”

“Mama alipenda sindano,” alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. “Vidonge alikuwa anatema nyuma ya nyumba. Sindano alikuwa anaomba hata kama si mgonjwa.”

Akakubali. Alipotoka, alimpungia mtoto kwa mikono miwili, akiinama.

Siku yangu ya mapumziko niliwapeleka Kagendo na mtoto Meru mwenyewe. Njeru nilimwambia ni maandalizi ya sindano, uongo mwingine. Daktari wa watoto alimchunguza, akapiga picha za tumbo, akasema hakuna uvimbe wowote ndani, na akauliza lile swali nililoliuliza mimi, ila yeye alilifanya vizuri: kwanza alifunga mlango. Kidonge kilikwenda kupimwa. Jibu liliporudi lilisema kina homoni za nguvu, si dawa iliyosajiliwa kwetu, na mwanamke anayenyonyesha hapaswi kuigusa. Lakini hatukuwa tumelingojea. Kagendo alikuwa ameacha siku ile ile, na sindano za miezi mitatu zilipofika stoo nilimdunga nikiwa nimefunga mlango na dirisha.

Siku ya kumi au ya kumi na moja alikuja mbio, ametoroka kazini, na nepi mkononi. Ilikuwa na tone la damu. “Sista, ameanza siku zake. Sasa niambie si cucu.”

Hili mmesoma, na mtakapoliona mtasahau kwamba mmelisoma. Watoto wachanga wa kike wakati mwingine hutoa damu kidogo siku chache baada ya kuzaliwa, kwa sababu homoni za mama zimekatika ghafla. Nikampigia daktari simu, akasema ni jambo lile lile, dawa inaondoka, na tumletee mtoto kama itaendelea. Haikuendelea. Lakini nepi ile niliichoma mimi mwenyewe nyuma ya zahanati, mvua ikinyesha, na nikajikuta naomba Mungu kwa sauti, wala sijui nilikuwa namwombea nani.

Kifua kilianza kushuka taratibu. Siku ya chanjo kilikuwa nusu. Mwezi uliofuata ungehitaji kuambiwa ndipo uone. Halafu asubuhi moja Kagendo aliingia na mtoto mgongoni na hakuna aliyesimama. Msichana mmoja alisogeza makalio kidogo, akaendelea kuongea kuhusu bei ya mafuta ya kupikia. Igandu alianza kulia kwa sababu benchi lilikuwa baridi, akalia kitoto kabisa. Nilifurahi mno. Nilifurahi mpaka nikaingia stoo kujifuta machozi katikati ya maboksi ya pamba.

Yule wa mitumba niliripoti habari zake, wakaguzi wakaja, naye akawa amehama. Siku hizi vidonge vya namna ile vinatangazwa kwenye simu, vina picha za maua na wanawake wanaocheka, kwa hiyo msidhani nawasimulia mambo ya kale. Mwanamke akiwaletea karatasi asiyoweza kuisoma, msimkemee. Mshukuruni kwa kuileta. Muulizeni saa anazoamka, saa simu inapochukuliwa, nani anapekua mkoba wake, halafu ndipo mchague dawa, maana dawa salama isiyoweza kumezwa ni sawa na bure tu. Na fungeni mlango. Sina mafunzo mengine makubwa zaidi ya hayo, na mimi niliyapata nikiwa nimebakiza miaka michache tu kazini.

Njeru hakuzungumza tena habari za Mbeere. Nilidhani yameisha, kwamba amefurahi kama sisi.

Mtoto alipokaribia mwaka mmoja na nusu, Njeru alikuja peke yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mlango. Alikaa kwenye benchi katikati ya wanawake wenye mimba, kofia kwenye magoti, akangoja zamu yake kwa saa nzima. Alipoingia, alifunga mlango mwenyewe.

“Mama ameenda, Sista,” alisema.

Nilimuuliza kwanza habari za mtoto.

“Mtoto ni mzima sana. Anakimbia. Ananiita baba.” Alisema hivyo bila furaha, kama mtu anayetoa maelezo polisi. “Wakati ule mama alikuwa hapa, nilikuwa nikitoka kazi nakaa mbele yake namwambia. Kila jioni kidogo kidogo, si unajua kusema si rahisi. Nikamwambia ile simu ya kwanza, kwa nini nilizima. Ilichukua muda. Nikaanza ya pili. Alikuwa anasikiza, Sista. Hakuwa analia, hakuwa anacheza. Alikuwa ananiangalia hadi namaliza. Sasa nikianza kumwambia anacheka, anataka kushika pua yangu. Hayuko.”

Ukweli ulikuwa kwenye ulimi wangu. Ningeweza kumwambia kwamba hakuna aliyekuja na hakuna aliyeondoka, kwamba alikuwa akiungama mbele ya mtoto aliyenyonya dawa mbaya. Lakini saa ile ile mkewe alikuwa shambani anafunga maua kwenye karatasi, sindano yake ya tatu mwilini, akiniamini.

“Ile sindano ulimdunga,” Njeru akasema, “ndio ilimtoa?”

Nilipanga kadi zilizokuwa tayari zimepangwa.

“Sijakasirika. Nilitaka kuuliza tu.” Aligeuza kofia mkononi, akaigeuza tena. “Iko ingine ya kumrudisha? Hata nusu saa. Nimebaki na ile simu ya tatu.”

Nikamwambia hakuna. Katika yote niliyomwambia Njeru tangu siku ile ya kwanza, hilo peke yake lilikuwa kweli kabisa, na ndilo lililomliza.